Uzi: Msumeno wa mkanda wa mtumba, angalia magurudumu kabla hujaangalia mota

#1 Randa Mkononi (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Wapo walioniuliza nilipasuaje zile mbao nyembamba za mtiki hapa nyumbani. Nilizipasua kwa msumeno wa mkanda, huu ambao wengi wetu tunauita bendisoo (bledi yake ni mkanda wa chuma unaozunguka juu ya magurudumu mawili, moja juu na moja chini), na ni wa mtumba. Nimeona niufungulie uzi wake kwa sababu huu nilionao ni wa pili. Wa kwanza ulikula akiba ya miezi minane ukaishia kwa watu wa vyuma chakavu, na sitaki mwingine humu apite njia ile.

Kwanza kwa nini niliutaka. Niko Tanga, mtiki wa Longuza, shamba la miti la mkoani huku, unapatikana, na mara nyingi napata vipande vifupi vinene ambavyo wenye viwanda hawana shida navyo. Ukivipasua kwa msumeno wa duara, kila pasuo linakula milimita 3 hadi 4 za mti. Bledi ya bendisoo inakula kama milimita moja na ushee. Chukua ubao wa inchi 2 uutoe vipande vinne: kwa msumeno wa duara umeshapoteza vumbi la milimita 10 na zaidi, yaani ubao mzima wa kutengenezea droo. Kwa mtiki hiyo ni hela.

Sasa ule wa kwanza. Niliukuta Dar kwenye karakana iliyokuwa inafungwa. Umepigwa rangi mpya ya kijani, unang'aa. Mwenye nao akauwasha, ukanguruma vizuri, akapasua kipande cha mninga mbele yangu. Nikalipa. Wiki ya pili nyumbani nikaanza kusikia mlio, tik, tik, tik, unakwenda na mzunguko. Nikadhani ni maungio ya bledi. Nikabadilisha bledi, mlio uko palepale. Nikafungua gurudumu la juu nikaliosha kwa tina. Kwenye spoki moja, pale inapoingia kwenye kitovu cha gurudumu, rangi ilitoka pamoja na puti, ile ya kunyooshea bodi za magari, na chini ya puti kulikuwa na ufa unaoingia ukucha.

Nilikaa chini nikaliangalia lile gurudumu muda mrefu. Bledi ya upana wa milimita 20 ikikazwa sawasawa inalivuta gurudumu la juu kwa uzito wa kilo mia na zaidi, na gurudumu lenyewe linazunguka mara mia kadhaa kwa dakika, uso wangu ukiwa nusu mita kutoka hapo. Chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, hakipindi kikakupa taarifa. Kinapasuka mara moja. Nilichomoa waya siku hiyo na sikuuwasha tena. Nilibaki na mota tu, kilo zilizobaki zikaenda kwenye mizani.

Tangu siku hiyo nanunua chuma kwanza. Mota, beringi, belti, springi, raba, vyote utavipata kwenye maduka ya Gerezani, Dar, au utatengenezewa. Gurudumu la kusubu la inchi 20 halipo dukani. Likiwa bovu, umenunua meza nzito.

Huu wa pili ni wa Kiingereza, wa zamani, kibati cha kampuni kimeng'oka. Ulikuwa umesimama chini ya paa lililotoboka, una kutu mpaka mwenye nao alikuwa anauonea aibu, na bei ilikuwa chini ya nusu ya ule wa kijani. Mimi kutu ile niliipenda. Chuma chenye kutu kinaonyesha kila kitu, hakuna rangi ya kuficha. Nilikwenda na nyundo ndogo, chupa ya mafuta ya taa, chaki mbili, kitambaa na rula ya chuma ya mita moja.

Nilimwomba asiuwashe. Mashine ikishanguruma, moyo unalainika na macho hayaoni tena. Nikatoa bledi, nikagonga kila spoki polepole kwa nyundo. Gurudumu zima linalia kama kengele na mlio unakaa. Lenye ufa linajibu kama chungu kilichopasuka. Kisha nikapaka mafuta ya taa kwenye spoki na kitovu, nikasubiri kama robo saa, nikafuta kabisa mpaka pakakauka, nikasugua unga wa chaki juu yake. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanarudi juu na kuchora mstari mweusi kwenye ule weupe wa chaki. Unauona kwa macho, huhitaji mashine yoyote. Nilifanya hivyo magurudumu yote mawili, shingo ya fremu pale inapopinda, na ile miguu ya nusu mwezi chini ya meza inayoiwezesha kuinama. Hiyo ya mwisho watu huisahau, na kwenye mashine nyingi ndiyo huvunjika kwanza, kwa sababu mtu huegemeza gogo zito juu ya meza.

Chaki ilibaki nyeupe kote. Ndipo nikashika gurudumu kwa mikono miwili, juu na chini, nikalitikisa. Likicheza kidogo ni beringi, hiyo si kesi. Nikalizungusha huku nimeshikilia kidole karibu na ukingo bila kugusa: linapita kwa nafasi ileile mzunguko mzima au linayumba? Likiyumba, shafti imepinda au kitovu kimekwisha, na hapo ndipo unapoanza kuongea bei upya.

Kuubeba kuja Tanga ilikuwa kazi nyingine. Kirikuu niliyokodi kwanza ilikataa mzigo, ukaja kwenye Fuso ya mtu aliyekuwa anarudi tupu. Shauri moja tu hapa: usiulaze ukiwa na meza. Fungua meza, fungua gurudumu la juu, ndipo uulaze juu ya matairi mawili chakavu.

Kuufufua

Kutu ya meza niliitoa kwa mafuta ya taa na msasa, siku mbili. Vile vidogo vya chuma, nati, bolti, skrubu ndefu ya kukazia bledi, nililoweka kwenye molasi ya mifugo, sehemu 1 kwa maji sehemu 9, kwenye ndoo yenye mfuniko. Baada ya siku kumi vilitoka vya kijivu safi, hata hesi unaziona. Molasi haili chuma kizima, inakula kutu tu. Ila usitumbukize kitu cha alumini, kama puli, kitaliwa. Rangi ya zamani usiipige msasa mkavu, za miaka hiyo nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Ilainishe kwa dawa ya kutolea rangi, ikwangue ikiwa mbichi, na watoto wakae mbali.

Beringi zilikuwa 6205, mbili kila gurudumu. Namba utaikuta pembeni: 6205 ni shimo la milimita 25, nje 52, upana 15. Chukua zile zenye mfuniko wa raba pande zote, vumbi la mbao ni adui. Zitoe kwa pula, usipige gurudumu nyundo. Wakati wa kurudisha nililaza beringi mpya kwenye friza usiku kucha na kukipasha kitovu moto kwa maji yanayochemka, nikakikausha, zikaingia kwa mkono na kipande cha bomba kinachosukuma duara la nje. Ukisukuma duara la ndani umeziua kabla hazijazunguka.

Raba ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko vyote. Raba ya gurudumu, ule ukanda unaovikwa ukingoni, kwenye mashine kama hii haikai bapa. Ina mgongo katikati, kama barabara ya lami inavyoinuka katikati ili maji yakimbilie pembeni. Bledi hupanda kwenye mgongo huo na kukaa. Raba ikiwa imeliwa ikaacha bonde katikati, utakaza, utalegeza, utainamisha gurudumu, bledi itaendelea kutoka. Yangu ilikuwa imekuwa ngumu kama plastiki. Niliikwangua yote, nikasafisha chuma, nikakata ukanda wa raba ya shiti ya milimita 5, nikaubandika kwa gundi ya fundi viatu: paka pande zote mbili, subiri isinate kidoleni, bandika huku unavuta. Maungio yakatwe mshazari, si wima, yasigonge. Kisha gurudumu la chini likizungushwa na mota bila bledi, nikaegemeza msasa kwenye kipande cha mbao kilichofungwa imara, nikala pembeni kidogo kidogo mpaka mgongo ukatokea. La juu nililizungusha kwa drili yenye roda ya raba. Mgongo wa nusu milimita hadi moja unatosha.

Halafu lile jambo ambalo lilininyima usingizi. Magurudumu mawili lazima yakae kwenye uso mmoja. Nikiwa nimeshaweka bledi na kuikaza, niliegemeza rula ndefu kwenye kingo za yote mawili. La juu liligusa, la chini lilikuwa ndani milimita 3. Nikaweka washa (ringi za chuma) nyembamba nyuma ya gurudumu la chini, nikajaribu, nikapunguza moja, mpaka rula ikagusa sehemu nne. Nilipozungusha kwa mkono bledi ilikaa katikati ya mgongo yenyewe, sijaigusa. Nilimwita mke wangu aje aone.

Vishikio vya chuma vinavyoizuia bledi isiyumbe pembeni vilikuwa vimekwisha. Nilikata vipya kutoka kwenye vipande vya mpingo vilivyobaki kwa wachonga vinyago. Mpingo ni mgumu, una mafuta yake, na haukati meno ya bledi ukigusana nayo. Vikae nyuma ya mabonde ya meno, nafasi ya unene wa karatasi kila upande. Vikiisha, unavisugua tena uso. Nina mwaka na nusu navyo.

Rangi nilipaka ya kawaida. Haina hadithi.

Ulizeni, nitajibu.

#2 Mzee wa Keko

Umeeleza vizuri kijana wangu. Nikuongezee moja na nikupinge moja.

La kuongeza: mtu akinunua beringi mpya, akishaingiza aangalie kama duara la nje halizunguki ndani ya kitovu. Mashine iliyofanya kazi miaka mingi na beringi mbovu, kitovu kinapanuka. Beringi mpya inaingia kwa kidole, fundi anafurahi, baada ya mwezi gurudumu linacheza tena. Hapo ni kupeleka kerezo, wakipanue kitovu sawasawa na kukupachikia bushi ya chuma. Wengine wanaweka kipande cha kopo la soda katikati. Hiyo siiungi mkono.

La kukupinga: ule wa kijani uliutupa mapema. Chuma cha kusubu kinachomeka. Unakipasha moto kwanza, unatumia fimbo za nikeli, unachomea vipande vifupi vifupi huku unagonga taratibu, halafu unakifukia kwenye majivu kipoe mpaka kesho yake. Nina meza ya randa iliyochomewa hivyo, tangu 2009 iko kazini.

#3 Randa Mkononi

Shikamoo mzee wangu. La bushi nimelipokea, na ni kweli, la juu kwangu lilikuwa limeanza kupanuka.

La kuchomea nakubaliana nawe kwa meza, kwa mguu, hata kwa fremu kama ufa ni mdogo. Meza imesimama, inabeba uzito tu. Gurudumu linavutwa na linazunguka, na kila mzunguko mzigo unahama kutoka spoki moja kwenda nyingine. Pale pembeni mwa mchomeo chuma kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika. Na hata likishika, linatakiwa lirudi kerezo na kusawazishwa upya. Kwa mikono yako huenda ningekubali. Kwa mtu anayeanza humu, nasimama pale pale: gurudumu lenye ufa aliache.

#4 Binti Seremala

Asante kaka. Nimeona moja Mbezi, ya Kiitaliano, imefungwa mota ya umeme wa njia tatu (fezi tatu), na nyumbani kwangu nina njia moja tu. Muuzaji anasema "utabadilisha tu kapasita". Ni kweli?

#5 Randa Mkononi

Dada, nusu ya kweli. Soma kibati cha mota kabla ya kusikiliza mtu. Ukiona 220/380 au 230/400, mota hiyo inaweza kufungwa delta (waya zake tatu zikiungana kama pembetatu) ikatumia volti 230, na hapo unaweza kuchagua kati ya mbinu mbili. Mbinu bora ni invata: inaingia umeme wako wa njia moja, inatoka njia tatu ya volti 230. Ipe muda wa sekunde 6 au 8 za kupanda mwendo, magurudumu ni mazito. Na usiweke swichi kati ya invata na mota, washa na kuzima kwa vitufe vya invata yenyewe, la sivyo utaiunguza.

Mbinu ya kapasita ni ya bei nafuu, kama maikrofaradi 70 kwa kila kilowati, ziwe zile za kukaa kazini muda wote, si za kuwashia tu. Mota itazunguka lakini itapoteza kama theluthi ya nguvu zake, na kwenye kupasua utaiona inakufa katikati ya ubao.

Ukiona kibati kinasema 400/690, delta yake ndiyo hiyo 400. Invata ya kawaida ya nyumbani haitaitosheleza. Na mota za zamani za Kiingereza nyingi zimefungwa nyota ndani kwa ndani (waya tatu zimeungana kwenye fundo moja katikati), zinatoa ncha tatu tu. Hizo lazima fundi wa kusuka mota azifungue, atafute lile fundo katikati ya waya, alitenganishe, atoe ncha sita. Kazi ya saa chache kwa anayejua.

Mimi sikuhangaika na hayo yote. Ile mota ya njia moja ya msumeno wa kijani, mizunguko 1420, ndiyo inayozungusha huu. Nilibadilisha puli tu: milimita 80 kwenye mota, 200 kwenye gurudumu. Gurudumu langu ni milimita 500, hivyo bledi inakwenda karibu mita 15 kwa sekunde, mwendo mzuri kwa mbao. Hesabu hiyo ifanye kabla ya kununua, kwa sababu misumeno ya kukatia vyuma nayo inauzwa kama ya mbao. Ile inakwenda mita moja kwa sekunde au chini yake, utapasua ubao mmoja mpaka jioni.

#6 Mti Mkavu

Salaam kutoka Mombasa. Ndugu yangu, mimi nimeletewa ndogo ya Kijapani iliyokuja na mitumba mingine, kibati chasema volti 100. Ina magurudumu matatu. Bledi nimekata nne mwezi mmoja. Na chumvi ya hewa ya huku waijua, meza yala kutu usiku mmoja.

#7 Randa Mkononi

Aleikum salaam ndugu yangu, sote ni wa bahari moja.

Volti 100 ndiyo umeme wa nyumbani wa Japani. Usijaribu hata sekunde moja bila transfoma ya kushusha 230 kuwa 100, na iwe kubwa kuliko mota kwa nafasi ya kutosha, kwa sababu kuwasha kunavuta sana. Angalia pia kama kibati kinasema 50/60. Ikiwa ni 60 peke yake, hapa kwenye 50 itakwenda polepole na itapata joto.

Bledi kukatika sidhani ni kosa lako. Magurudumu matatu maana yake kila gurudumu ni dogo, na bledi inakunjwa kwa ukali mara tatu kila mzunguko. Kanuni ya mafundi ni unene wa bledi usizidi sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha gurudumu. Gurudumu la milimita 200 linataka bledi ya 0.2, na unapewa za 0.5. Tafuta nyembamba kabisa unayoweza, na ukimaliza kazi legeza kila siku. Mimi nisingetia hela nyingi hapo.

Kutu: futa vumbi kila jioni, kwani vumbi la mbao hunyonya unyevu na kuushikilia juu ya chuma. Kisha paka nta, mishumaa iliyoyeyushwa na mafuta ya taa kidogo, sugua mpaka ing'ae. Mafuta ya injini usitumie, yanachafua mbao.

Na kwenu wote: usivae glavu kwenye msumeno huu. Bledi ikiishika, inavuta mkono wote. Na gogo la mviringo usilisukume bila kulifunga kwenye ubao wenye mfereji, litazunguka ghafla na kukwenda na vidole.

#8 Binti Seremala

Kaka, nimerudi kutoka Mbezi. Nilibeba chaki na mafuta ya taa kama ulivyosema, muuzaji alicheka mwanzoni, baadaye akainama kuangalia naye. Magurudumu safi. Mguu wa meza una mstari, kama sentimita 3. Mota ni 230/400. Amepunguza laki mbili na nusu kwa ajili ya ule mguu, nimechukua. Mzee wa Keko, nitakuletea huo mguu.

Haina bledi. Gurudumu ni milimita 400. Kutoka katikati ya gurudumu la juu hadi katikati ya la chini ni 950. Nimwambie anayechomea bledi urefu gani?

#9 Mzee wa Keko

Ulete. Usiuoshe kwa mafuta tena, kuchomea hakutaki mafuta.

#10 Randa Mkononi

Hongera dada. Hakikisha kipimo cha 950 umekichukua skrubu ya kukazia ikiwa katikati ya mwendo wake, si chini kabisa, ubaki na nafasi ya kukaza na ya kulegeza. Ikiwa ni hivyo: 950 mara mbili ni 1900, jumlisha mzingo wa gurudumu moja, 400 mara 3.14, ambao ni 1256. Mwambie 3156. Ya kupasulia iwe upana wa milimita 16, meno 3 kwa inchi, unene usizidi 0.4. Ya kukata mapindo chukua ya milimita 6, meno 6.